Someni Mpaka Mwisho wa Sura

Wanangu mnaohubiri,

Nawaandikia kwa sababu sauti yangu siku hizi haivuki benchi la pili, na ninyi mkishashika kipaza sauti ni vigumu mtu kupenyeza neno. Msidhani nina hasira. Hasira ilikuwa ya ujanani. Iliyobaki ni uchovu, na mapenzi yangu kwenu. Nimeketi upande wa akina mama tangu baba zenu wakihubiri, sasa nawasikiliza ninyi, na kila inapofika habari ya wanawake wa Injili najua mtakalosema kabla hamjalitamka. Mlirithi mimbari, mkarithi na mahubiri yake. Basi nivumilieni kidogo kama nilivyowavumilia, tuyatazame taratibu.

Ninalo neno moja. Msimwongezee mwanamke wa Injili aibu ambayo haikuandikwa, wala msimpunguzie heshima iliyoandikwa. Kwa hilo hamhitaji shahada ya theolojia. Mnahitaji kusoma sura mpaka mwisho, na wakati mwingine kurudi nyuma kidogo ya pale mlipozoea kuanzia.

Tuanze na Mariamu Magdalene, maana ndiye aliyeonewa zaidi. Kila Pasaka hakosi mhubiri wa kumwita kahaba aliyeokoka. Umeisoma wapi hiyo, mwanangu? Luka, katika sura ya nane, anasema pepo saba walimtoka. Hakusema zaidi ya hapo. Yule mwanamume wa nchi ya Wagerasi alikuwa na pepo wengi hata wakajiita Jeshi, wakaingia katika kundi la nguruwe wapatao elfu mbili, na sijawahi kusikia mtu akimtuhumu kwa uzinzi. Mwanamume akipagawa, kwenu ni mgonjwa. Mwanamke akipagawa, mnataka kujua alikuwa akilala wapi.

Uvumi huu una historia yake. Mwaka 591, kule Roma, Papa Gregori Mkuu alihubiri akawafanya wanawake watatu kuwa mmoja: Magdalene, Mariamu wa Bethania, dada yake Lazaro, na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina aliyelia miguuni pa Yesu nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Wale pepo saba akawafasiri kuwa maovu yote. Mahubiri ya siku moja yakawa sura ya mtu kwa karne nyingi, katika michoro na katika vinywa vya watu. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Mashariki hayakuupokea mchanganyiko huo. Kanisa Katoliki lenyewe liliwatenganisha lilipopanga upya kalenda yake mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaagiza kumbukumbu ya Magdalene, tarehe 22 Julai, ipandishwe iwe sikukuu, daraja lile lile wanalopewa mitume. Walioanzisha maneno wamekwisha kuyarekebisha. Sisi Waprotestanti, tunaojisifu kwamba tunafuata Maandiko peke yake, ndio tungali tukiyasambaza. Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilisemwa, halikuwapo, na mpaka leo halijaja.

Tena mkiwa hapo kwenye Luka sura ya nane, msiondoke haraka. Katika aya tatu tu za mwanzo kuna jambo ambalo nadra kulisikia likihubiriwa. Yesu anazunguka miji na vijiji, Thenashara wako pamoja naye, na wako pia wanawake: Magdalene, Yoana mke wa Kuza, Susana, na wengine wengi. Luka anasema waliwahudumia kwa mali zao. Sikilizeni hapo: mali zao. Watu kumi na watatu wanaotembea Galilaya nzima hula, hutafuta pa kulala, huchakaza viatu. Petro aliziacha nyavu, Mathayo akaiacha meza ya ushuru. Nani alilipa? Mnasoma habari ya mikate mitano mnafurahi, lakini mikate ya siku nyingine zote, ambazo hapakuwa na muujiza, ilinunuliwa.

Na mtazameni huyo Yoana. Mumewe alikuwa wakili wa Herode Antipa, mtawala yule yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Kwa hiyo katika fedha iliyoitunza safari ya Injili, imo iliyotoka kwenye nyumba iliyoishi kwa mshahara wa Herode. Mke wa mtu mkubwa wa serikali anaandamana na mhubiri asiye na makao, ambaye bwana wa mumewe anamwinda. Huo ni ujasiri wa kuhubiriwa Jumapili nzima. Ninyi mnasema tu kwamba akina mama walisaidiasaidia, mnapita. Luka hakupita. Anamtaja Yoana tena mwishoni, kaburini, ili tujue kwamba hakutuma fedha akabaki nyumbani. Alikwenda mwenyewe mpaka Yerusalemu.

Sasa niseme la mjane, nalo naomba mlipokee bila kununa, maana linagusa kikapu cha sadaka.

Mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina ya hekalu mnamjua vizuri. Mnamleta kila penye harambee, kila penye paa la kuezekwa na gari la mchungaji la kununuliwa. Mnasema: ametoa vyote, nawe toa. Fungueni Marko sura ya kumi na mbili, lakini anzeni aya chache nyuma. Yesu ametoka tu kuwaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda mavazi marefu na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Neno linalofuata, anaketi kuelekea sanduku la hazina, na anayekuja ni nani? Mjane. Kisha endeleeni mbele kidogo, mwanzo wa sura ya kumi na tatu: anatoka hekaluni, mwanafunzi mmoja anayasifia yale mawe, naye anajibu kwamba jengo lote litabomolewa.

Yesu alimheshimu mjane yule, hilo ni kweli, akampandisha juu ya matajiri wote waliotoa siku ile. Lakini kabla yake amewalaani wanaokula nyumba za wajane, na baada yake ametangaza kuanguka kwa nyumba iliyopokea sarafu zake za mwisho. Mhubiri anayesoma katikati tu, akaacha mwanzo na mwisho, anapata hotuba ya kuchangisha. Anayesoma yote anapata swali: huyu mama alifikaje kwenye sarafu mbili? Nani alikula nyumba yake?

Swali hilo si la Yerusalemu peke yake. Mimi nimekaa kwenye misiba mingi. Nimeona matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu mabati, mbuzi na mipaka ya shamba. Mjane anaambiwa arudi kwao. Kisha shemeji yake aliyechukua shamba anakaribishwa mbele kanisani, anatoa bahasha nene, anapigiwa makofi na vigelegele, na mjane anasimama nyuma ameshika sarafu. Halafu anahubiriwa habari za utoaji. Wanangu, siku mkimleta tena mjane wa Marko kwenye harambee, mleteni na onyo lake. La sivyo, mwacheni apumzike.

Jambo jingine lenye ukoo na hilo ni yule mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana sura ya nane. Wasomi wanatwambia habari hii haimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo. Sawa. Lakini mnaihubiri, basi ihubirini yote. Waliomleta walidai wamemkuta katika tendo lenyewe. Tendo hilo halifanywi na mtu mmoja. Torati wanayoitaja, katika Mambo ya Walawi sura ya ishirini, inahukumu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume yuko wapi? Nangoja bado mhubiri atakayeuliza hivyo kabla ya kumwambia mama asitende dhambi tena.

Msidhani nasema ya zamani. Binti wa kwaya akipata mimba, hutengwa, huketishwa nyuma, huitwa mbele ya wazee kutubu. Kijana aliyempa mimba, mara nyingi wazee wenyewe wakimjua, anaendelea kupiga kinanda. Yesu aliinama akaandika chini, kisha akageuza macho ya watu kuelekea kwa wenye mawe. Sisi tumeyarudisha macho kwa binti.

Nije kwa Martha. Nina neno naye, kwa sababu nimepika chai ya vikao vingi. Mnatuambia, kutoka Luka sura ya kumi, kwamba Martha alisumbukia shughuli nyingi na Mariamu akachagua fungu lililo jema. Mnatusihi tusiwe Martha. Ibada ikiisha, mnauliza chai iko wapi. Amueni moja.

Lakini hata katika habari hiyo mnaacha kiini. Mariamu aliketi miguuni pa Yesu akisikiliza maneno yake. Kuketi miguuni pa mwalimu ndiyo namna wanafunzi walivyofundishwa. Paulo katika Matendo anasema alifundishwa hivyo hivyo, miguuni pa Gamalieli. Mariamu hakuketi kwa unyenyekevu wa mwanamke mpole asiyejua kazi. Alikaa darasani. Na alipotakiwa atolewe darasani apelekwe jikoni, mwalimu alikataa. Sasa ninyi mnawezaje kuisoma habari hii, kisha semina ya wazee ikifika mkasema akina mama wao watashughulika na chakula?

Na Martha mwenyewe hakuishia jikoni. Nendeni Yohana sura ya kumi na moja. Lazaro amekufa, siku nne yuko kaburini. Martha anatoka kwenda kumlaki Yesu njiani, anamwambia wazi kwamba angalikuwapo ndugu yake hangalikufa. Wanazungumza juu ya ufufuo, na mwisho Martha anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ukiri huo ni ule ule wa Petro katika Mathayo sura ya kumi na sita. Petro kwa ukiri wake amepewa makanisa makubwa na majina ya watoto wetu. Martha kwa ukiri wake amepewa sufuria. Na alikiri akiwa msibani, kabla ya muujiza, maiti ikiwa bado kaburini. Hilo si jambo dogo. Aliyewahi kufiwa anajua.

Mwanamke Msamaria naye hajasalimika. Waume watano, mnasema, na aliye naye si wake, kwa hiyo alikuwa malaya. Tena mnaongeza kwamba alikwenda kisimani saa sita mchana kwa kuwaonea haya wenzake. Hayo ya haya hayakuandikwa. Kuhusu waume watano, kumbukeni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuandika talaka katika sheria ya Musa: mume. Na kifo pia kilikuwapo, na desturi ya kurithi mjane mnaijua hata ninyi. Mwanamke anaweza kufikisha waume watano kwa kuachwa na kufiwa tu. Yesu aliyataja maisha yake, lakini katika mazungumzo yote hayo hakumwambia amesamehewa, wala hakumwambia asitende dhambi tena. Walichozungumza kwa urefu ni maji ya uzima, na mahali pa kuabudu, kwenye mlima wa Wasamaria au Yerusalemu. Hiyo ni theolojia. Ni mojawapo ya mazungumzo marefu kabisa ya Yesu na mtu mmoja katika Injili zote, na mtu huyo ni mwanamke, tena wa kabila lililodharauliwa.

Wanafunzi waliporudi walishangaa kumkuta akiongea na mwanamke. Wao walikuwa wamekwenda mjini Sikari kununua chakula, wakarudi na chakula. Yeye aliuacha mtungi, akaenda kwenye mji ule ule, akarudi na watu. Yohana anasema Wasamaria wengi waliamini kwa ajili ya neno la huyo mwanamke. Mkitafuta mwinjilisti wa kwanza kati ya Wasamaria, ndiye huyo.

Tufike sasa msalabani na kaburini, ambako jambo lenyewe hukamilika. Marko anasema wanafunzi wote walimwacha Yesu wakakimbia. Petro alirudi kwa mbali, akamkana mbele ya kijakazi. Isipokuwa mwanafunzi mmoja anayetajwa na Yohana, waliosimama wakiangalia mpaka mwisho ni wanawake: Magdalene, Mariamu mama yao Yakobo na Yose, Salome, na wengine waliotoka naye Galilaya. Waliona alipokufa. Waliona alipozikwa. Ndiyo sababu asubuhi ya siku ya kwanza walijua waende kaburi lipi. Ushahidi wa Ijumaa na wa Jumapili umeshikiliwa na watu wale wale. Injili zote nne zinatofautiana majina, ila Magdalene hakosi hata katika moja.

Katika siku zile, ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ile ile, ameandika kwamba usipokewe. Mtu anayetunga uongo ili aaminiwe asingewaweka wanawake mbele. Injili zimewaweka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Na Luka hakuficha lililofuata: wanawake walipowaletea mitume habari, mitume waliona ni upuzi. Wale wawili waliokuwa wakienda Emau walikuwa wamekwisha kusikia habari za akina mama, wakazisimulia njiani kama kioja, huku wakizidi kuondoka Yerusalemu. Yesu akawakemea kwa uzito wa mioyo yao. Habari kubwa kuliko zote ilichelewa kuaminiwa, kwa sababu ya kinywa kilichoileta.

Wala kusahau hakukukawia. Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua ya kwanza, alipanga orodha ya waliomwona Bwana baada ya kufufuka: Kefa, Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano, Yakobo, mitume wote, na yeye mwenyewe mwisho. Magdalene hayumo. Simlaumu Paulo, aliipokea orodha kama alivyopewa. Lakini ninyi mnazo Injili nne mezani, hamna kisingizio.

Najua mtaniuliza: mbona Thenashara wote walikuwa wanaume? Ni swali la haki. Thenashara waliwekwa wafanane na makabila kumi na mawili ya Israeli, na Yesu katika Mathayo anawaahidia viti kumi na viwili vya kuyahukumu makabila hayo. Wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa Wayahudi. Wala hatusemi kwa hiyo Mhaya au Mkikuyu asichunge kundi. Lakini sikuja kuamua nani avae kola. Wakatoliki wana utaratibu wao. Walutheri wa Tanzania, KKKT, wana wachungaji wanawake. Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021. Kila kanisa na vikao vyake. Ninachosema mimi kinamhusu hata yule asiyekubali mwanamke apande mimbarini: hata yeye hana ruhusa ya kumwita Magdalene kahaba.

Wala sisemi wanawake wa Injili walikuwa malaika. Herodia alidai kichwa cha nabii. Mama wa wana wa Zebedayo aliwaombea wanawe viti vya enzi, kama mama anayetafutia watoto kazi kwa mkubwa. Marko anasema wale wa kaburini walikimbia wakitetemeka. Ni watu. Wahubirini kama watu basi, wenye akili, fedha, woga, imani na midomo mikali. Yule mama Msirofoinike alijibishana na Yesu juu ya makombo ya mezani, akashinda, na binti yake akapona. Msimfanye mpole.

Basi, wanangu, nawaomba machache. Kabla ya kusema lolote juu ya mwanamke wa Injili, wekeni kidole kwenye aya. Aya ikikosekana, nyamazeni. Mkihubiri sadaka ya mjane, ulizeni kwanza kama kuna mjane katika usharika wenu anayesukumwa nje ya shamba lake, kisha mwendeeni shemeji yake, hata kama ndiye mfadhili wenu mkubwa. Mkimtenga binti, mtafuteni na mwanamume. Fedha za akina mama mnazipokea kila wiki. Wapeni na hesabu yake, na kiti kwenye kamati inayozitumia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

La mwisho. Akisimama mama kikaoni kusema aliloliona, msianze kutazamana na kuchekeana. Mitume walifanya hivyo mara moja, na habari waliyoiita upuzi ndiyo mnayoihubiri leo. Msikilizeni mpaka amalize, ndipo mpime alichosema. Mimi nimemaliza; kazi ni kwenu.